Siku Lebo za Sangara Zilipogoma

Wanangu mnaoanza kazi hii ya kompyuta, printa ikigoma msiikimbilie printa. Najua mkono unawasha. Mtu anapiga simu, sauti imejaa kilio, "Mama, haitoi," na wewe unashika bisibisi na kwenda kuifungua kama mtu anayenyonyoa kuku. Nimefanya kazi hii mpaka nywele zikabadilika rangi, na nyingi kati ya printa nilizoitiwa zilikuwa nzima kabisa. Tatizo lilikuwa limelala mahali pengine, na printa ndiyo iliyotukanwa.

Naitwa Milembe. Nimestaafu, niko nyumbani Butimba, nafuga kuku na kulala mchana bila kuomba ruhusa. Simu bado inalia. Majuzi kijana wa duka la kuchapisha pale Kirumba alinipigia. "Shikamoo mama. Tangu kompyuta ijiapdeti, printa ya pamoja haionekani kwenye mashine nyingine." Nikamjibu marahaba, nikamuuliza maswali yangu yale ya kawaida, akasema, "Kumbe." Nilipokata simu nikaona ni afadhali niandike, maana sauti yangu itachoka kabla printa hazijachoka kugoma.

Aliyenifundisha kuuliza hakuwahi kugusa kompyuta. Aliitwa Fundi Ramji, mzee wa Kihindi mwenye kibanda cha kutengeneza taipureta mjini. Alizaliwa Mwanza, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wangu. Wakati huo nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja ya wanunuzi wa pamba, na mashine yangu ilikwama. Nikaibeba kichwani hadi kwake, nikaitua mezani na kungoja aifungue.

Hakuigusa. Alinivutia kigoda, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Kaa, mayu. Mara ya mwisho iliandika vizuri lini?"

"Juzi."

"Kati ya juzi na leo, nini kimebadilika?"

"Hakuna, fundi. Karatasi zilezile, utepe uleule."

"Fikiri vizuri. Mashine haiamki asubuhi na kuamua tu kugoma."

Nikafikiri. Nikamwambia tulichofanya ni kusogeza meza hadi dirishani, nipate mwanga. Akacheka, akaigeuza mashine, akaipulizia chini ya vitufe. Wakadondoka wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu kama moshi, wamekauka, wengi wa kujaza kiganja. Nilikuwa nafanya kazi dirisha wazi, wao wakaingia, wakaganda kwenye mafuta. Alisafisha, akanirudishia, akaniambia nirudishe meza ukutani. Kazi yote ilikwisha kabla chai yake haijapoa.

Baadaye taipureta ziliondoka, zikaja zile printa zinazolia kama cherehani, zikaja za wino, kisha zikaja hizi za mtandao ambazo mtu anabonyeza huku na karatasi inatokea kule. Hizo za mwisho zina vituko vyake. Kuna ofisi moja niliitwa ambako katibu muhtasi alilalamika kwamba printa haitoi, na huku chumba cha pili wahasibu wanalalamika kwamba yao inatoa barua wasizoziandika. Katibu alikuwa amebonyeza mara nyingi kwa hasira. Wahasibu wakapata nakala za kutosha za barua inayowahusu wenyewe, inayosema watahamishiwa ghorofa ya juu isiyo na feni. Siku hiyo kutengeneza printa kulikuwa rahisi. Kuwatuliza wahasibu ndiko kulikonichosha.

Lakini kisa ninachotaka mkikumbuke ni cha kiwandani.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa mtu wa kompyuta katika kiwanda cha minofu ya sangara, kando ya ziwa. Samaki anaingia upande mmoja na barafu yake, anapitia mikononi mwa akina mama wenye visu vikali, anatoka upande wa pili akiwa minofu ndani ya boksi jeupe. Boksi lisilo na lebo halitoki. Lebo inabeba uzito, namba ya kundi, siku samaki alipokatwa na alama zile za mistari zinazosomwa na mashine. Mnunuzi wa nje akipokea boksi bila lebo hajui ni samaki gani, na sheria haimruhusu kumuuza.

Lebo zote zilitoka kwenye printa moja. Ilikaa ofisi ya upakiaji, imechomekwa kwa kebo kwenye kompyuta ya ofisi hiyo, na kompyuta ile iliigawa printa kwa wengine kupitia mtandao. Chumba cha kufungashia kulikuwa na kompyuta tatu, kila moja pembeni ya mzani wake. Karani anapima boksi, anabonyeza, lebo inatoka ofisini, dada anaichukua kupitia kidirisha na kuibandika. Mpango huo ulifanya kazi miaka mingi, na kwa sababu ulifanya kazi hakuna aliyeuwaza.

Mwaka ule mambo yalikuwa mabaya. Samaki walikuwa haba, wanunuzi wawili walikuwa wamehamia kwingine, na uongozi ulikuwa umefuta zamu ya pili. Akina mama wengi walirudi nyumbani. Waliobaki walifanya kazi nusu ya wiki. Msimamizi wao chumba cha kufungashia aliitwa Nyanzala, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akikaa chini saa za kazi. Ni yeye aliyepewa jukumu la kuwaambia wenzake nani abaki na nani aende. Tangu siku hiyo hakula nasi tena chakula cha mchana. Alikula peke yake, amesimama, karibu na mabomba ya kunawia.

Kisha akapatikana mnunuzi mpya. Alitaka kwanza shehena moja ya majaribio, ifike kwa siku aliyoitaja. Meneja wetu, Bwana Magesa, alituita wote na kusema wazi: shehena hii ikimridhisha, zamu ya pili inarudi. Ikichelewa, asitegemee mtu kwamba ataitwa tena. Lori la ubaridi lilipaswa kufunga mlango saa nane mchana, liwahi ndege.

Asubuhi ya siku hiyo niliingia getini na kumkuta Nyanzala ananisubiri nje, na koti lake jeupe na mabuti ya mpira. Kumkuta nje tu kulitosha kuniambia.

"Mwangaluka, mama," akanisalimu kwa Kisukuma. "Lebo hazitoki. Mizani yote mitatu."

Ndani kila mtu alikuwa na jibu lake. Fundi umeme alisema ni radi ya usiku. Karani mmoja alisema ni karatasi ya lebo, imeingiwa na unyevu. Karani wa mzani wa pili, kijana mmoja anayeitwa Deus, mwenye roho nzuri sana, alikuwa ameshaifuta kabisa printa kwenye kompyuta yake ili aiweke upya. Sasa mashine yake ilikuwa haioni printa yoyote, na kila alipojaribu kuirudisha ilimdai paswadi ya msimamizi wa mfumo.

"Nilitaka kukupunguzia kazi, mama," akasema.

"Ahsante, Deus. Hizo nyingine usiziguse."

Hapa nisikilizeni. Usifute kitu kabla hujajua kinaumwa nini. Kompyuta iliyobaki na printa yake, hata kama haichapi, bado inakupa ujumbe wa kosa. Ile ya Deus ilikuwa haina hata cha kuniambia.

Nilianza ofisini, kwenye kompyuta yenye printa. Nikachapa lebo moja ya majaribio kutoka palepale. Ikatoka safi. Basi printa nzima, karatasi nzima, kebo nzima. Nikaenda mzani wa kwanza, nikajaribu kufungua folda ya ofisini kupitia mtandao. Ikafunguka. Basi mtandao nao mzima, na radi imesingiziwa. Nikazima na kuwasha huduma ya foleni ya kuchapa, nikasafisha kazi zilizokwama. Bado. Mashine ikaandika kwamba haiwezi kuunganishwa na printa.

Nikakaa kwenye kiti cha karani na kujiuliza swali la Ramji. Jana jioni walichapa. Leo hawachapi. Kati yake nini kimebadilika?

Nikafungua historia ya apdeti kwenye kompyuta ya ofisini. Jana baada ya kazi ilikuwa imepokea apdeti ya usalama. Nikafungua historia hiyohiyo kwenye mizani. Hakuna. Wala jana, wala mwezi uliopita. Kompyuta za mizani zilikuwa hazijapokea apdeti kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani nimesoma vibaya.

Nikampigia Salumu. Salumu alikuwa mhandisi wa kampuni ya Dar es Salaam iliyotuhudumia kwa mbali, kijana mwenye akili na haraka. Nilimweleza nilichokiona.

"Ni hiyo apdeti, mama," akasema bila kusita. "Leo nimeshapokea simu mbili za namna hiyo. Itoe kwenye mashine ya ofisini, kila kitu kitarudi kama jana."

Alikuwa sahihi. Ningeitoa, lebo zingetoka, nami ningekunywa chai. Lakini ile apdeti haikuja kwa mapambo. Ilikuja kuziba tundu, na tundu lenyewe lilikuwa kwenye huduma ya kuchapa. Na nilikuwa nimeona mjini tundu la namna hiyo lilivyomfanya mtu. Mwenye duka moja la dawa, jirani yangu, alifungua kompyuta asubuhi akakuta kila faili limefungwa na watu asiowajua, kumbukumbu zote za wateja zimekwenda. Nilikaa naye siku nzima na sikuweza kumrudishia hata ukurasa. Kompyuta yetu ya ofisini ndiyo iliyopokea barua pepe za wanunuzi, ndiyo iliyokuwa na vyeti vya samaki vya miaka yote. Nikiiacha wazi, na mmoja akabofya barua mbaya, kiwanda kizima kingesimama.

Nikamwambia Salumu hivyo.

"Sikupingi, mama. Lakini samaki hangoji."

"Najua. Hebu niambie wewe uliyesoma maelezo ya hiyo apdeti. Imebadilisha nini hasa?"

Nikamsikia anagonga vitufe. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, kompyuta yenye printa sasa inataka mazungumzo yote ya kuchapa yafungwe kwa siri, na mashine isiyojua kufanya hivyo inakataliwa mlangoni. La pili, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi tena kujiwekea draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa, kutoka mtandaoni, lazima msimamizi wa mfumo.

Nikaona picha yote. Ofisi ilikuwa imefundishwa salamu mpya na mizani bado inatoa ya zamani. Ukiivua ofisi apdeti, unairudisha iwe sawa na mizani. Ukiivalisha mizani apdeti, unaileta iwe sawa na ofisi. Njia zote mbili zingetoa lebo, ila moja ilituacha na mlango wazi.

"Salumu, nikizipa mashine za mizani apdeti zote, kisha nikaweka draiva kwa mkono wangu?"

"Itakubali. Lakini mama, mashine tatu, na mtandao wenu ninaujua."

"Wewe tafuta huko uniambie ni faili gani hasa. Nitapakua mara moja hapa, nitazungusha kwa flashi."

Bwana Magesa alikuwa ameshasimama nyuma yangu muda mrefu. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mama Milembe, kuna njia ya haraka?"

"Ipo. Siitaki."

"Niambie kwa nini, kwa lugha yangu."

Nikamwambia kuhusu duka la dawa. Akanisikiliza akitazama saa ya ukutani, kisha akatazama mahali ambapo maboksi yalianza kurundikana.

"Na njia unayoitaka ikishindikana?"

"Hapo nitatoa apdeti mwenyewe, lori litaondoka, na kesho tutarudia kazi hii vizuri. Nipe mpaka wakati wa chakula."

Akafikiri. "Endelea," akasema. "Lakini maboksi yasisimame."

Maboksi hayakusimama kwa sababu ya Nyanzala. Nilimweleza kwamba kompyuta ya ofisini yenyewe inachapa, na programu ya lebo imo. Akaelewa kabla sijamaliza. Alimpeleka karani mmoja ofisini, akawapanga wadada kwenye mstari kutoka mizani hadi kidirishani, uzito ukasomwa kwa sauti, ukarudiwa kwa sauti, ukaingizwa, lebo ikatoka. Ili lebo zisipishane, aliweka mzani mmoja tu ufanye kazi kwa wakati mmoja, na kila boksi halikuondoka juu ya mzani mpaka lebo yake ifike. Kazi ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga lakini ilikwenda, na hakuna boksi lililobeba lebo ya jirani. Wakati huo mizani miwili iliyopumzika ikawa ya kwangu.

Apdeti ilipopakuliwa nikaanza na mashine ya Deus, maana ilikuwa haina cha kupoteza. Ikakataa: nafasi haitoshi kwenye diski. Nikatafuta kilichojaza. Nikakuta folda moja kubwa, jina lake "Mazoezi". Nikaifungua. Kwaya. Kwaya ya kanisa la akina Deus, video za mazoezi za kila Jumamosi, na harusi tatu juu yake.

Deus alitazama mabuti yake.

"Unaimba sauti gani?" nikamuuliza.

"Besi, mama."

"Leta flashi yako, besi. Tuwahamishe waumini."

Tukahamisha. Apdeti ikaingia. Mashine ikazima, ikawaka, ikasimama katikati na ile duara inayozunguka. Hapo ndipo vijana wengi hukosea. Wanaona imeganda, wanabonyeza kitufe, wanaizima, na mfumo unavunjika wakati ulikuwa unajijenga. Nikaweka mikono mifukoni. Deus akaweka yake mfukoni pia. Tulisimama kama watu waliokuja kutoa pole, mpaka ikawaka.

Nikaingia kwa paswadi ya msimamizi, nikaweka draiva ileile iliyokuwa ofisini, toleo lilelile, maana Salumu alikuwa amenisisitizia wasipishane hata kidogo. Nikaiunganisha printa. Nikamwambia Deus apime boksi na abonyeze yeye.

Akabonyeza. Kule kidirishani ikasikika ile sauti ya karatasi ikichanwa.

Dada aliyekuwa kidirishani aliitoa lebo, akaisoma, akaitazama tena, kisha akainyanyua juu wote waione. Nyanzala aliniangalia kutoka ng'ambo ya chumba na kuinamisha kichwa kidogo, akahamishia kazi mzani wa pili.

Mashine ya kwanza ilifuata njia hiyohiyo na haikunipa shida. Ya tatu ikanipa. Apdeti iliingia, draiva ikaingia, ila ofisi iliendelea kuikataa. Nikarudia. Ikakataa. Nikampigia Salumu tena. Tukapitia kila kitu pamoja, yeye huko mimi huku, jina la mashine, paswadi, kila kitu sawa. Saa ya ukutani nayo ilikuwa haitusubiri. Lori lilikuwa limesharudi nyuma hadi mlangoni, nikisikia injini ya ubaridi wake.

"Mama," akasema Salumu, "tazama pembeni chini, tarehe inasema nini?"

Nikatazama. Kompyuta ile iliamini kwamba tuko mwaka ambao mjukuu wangu mkubwa alikuwa bado hajazaliwa.

Nikamwita Nyanzala. "Mashine hizi mnazizima vipi jioni?"

"Tunachomoa ukutani zote, mama. Tangu radi ile iliyounguza feni. Tuliambiwa na fundi umeme."

Hapo kisa chote kikajieleza. Walizichomoa kila jioni kwa nia njema, kwa sababu radi za ziwa letu hazina mzaha. Apdeti za usiku zikawa hazizikuti zikiwa na moto. Na mashine ya tatu, betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila ilipochomolewa ilisahau siku. Zamani ofisi haikujali, na siku ya kwenye lebo ilitoka kwake, ila sasa mashine inayosema ni mwaka mwingine haiaminiki mlangoni, hata ikitoa salamu nzuri namna gani.

Nikarekebisha tarehe. Nikabonyeza mwenyewe. Lebo ikatoka.

"Imetoka?" Salumu akauliza.

"Imetoka."

Nikasikia anavuta pumzi kule Dar. Kisha akasema, "Mama, nirudie hatua zako moja moja. Hizo simu mbili za asubuhi niliwaambia watoe apdeti. Nataka niwapigie tena."

Nilimrudia zote na yeye aliziandika. Nampenda kijana yule mpaka leo kwa simu zile mbili alizopiga tena bila kulazimishwa.

Mizani mitatu ilipoanza kwenda pamoja, chumba kilibadilika sauti. Mnaofanya kazi viwandani mnaijua, ile sauti ya kazi inapokwenda bila mtu kuisukuma. Wadada waliobandika lebo walikuwa hawatazami mikono yao tena. Mmoja alianza wimbo kwa Kisukuma, wengine wakapokea, na Deus akatia besi. Bwana Magesa alivua koti lake la ofisini, akavaa jeupe, akaingia kwenye mstari kubeba maboksi. Hakuna aliyemwambia. Lori lilifunga mlango kabla ya saa nane. Dereva alilalamika kwamba tumemwahisha, alikuwa hajamaliza ugali wake.

Nyanzala alikuja nilipokuwa nakunja nyaya zangu. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Nilishtuka zaidi ya vile nilivyoshtuka kuhusu tarehe.

"Mama Milembe, nilikuwa nimeshawaza maneno ya kuwaambia," akasema. "Tangu asubuhi nilikuwa nayapanga kichwani."

"Sasa yafute."

"Nimeshayafuta." Akainuka. "Umekula?"

Tukaenda kula, naye akakaa nasi mezani.

Yaliyofuata ni ya kawaida, na ndiyo mnayopaswa kuyaiga kuliko mbio za siku ile. Tuliweka vifaa vya kuzuia radi kwenye soketi, tukaacha kuchomoa mashine. Nilibadilisha betri ile ndogo, kitu cha bei ya soda. Nilipanga siku moja ya apdeti, mchana, watu wapo: kwanza mashine moja, tunachapa lebo, tukiona sawa ndipo nyingine. Baadaye nilimwomba Bwana Magesa printa ya lebo yenye tundu lake la mtandao, ili kila mzani uzungumze nayo moja kwa moja bila kupitia kompyuta ya mtu. Aliagiza bila kuniuliza mara mbili. Na kwaya nikaipa folda yake, nje ya mashine za kazi.

Mtakutana na mtu atakayewaambia apdeti ni adui, izimeni zote mpumzike. Msimsikilize. Na mtakutana na mwingine atakayewaambia apdeti haina kosa kamwe, kosa ni lenu. Huyo naye mwacheni apite. Apdeti inabadilisha kitu. Kazi yenu ni kujua imebadilisha nini, upande upi umebadilika na upi umebaki nyuma, na kuuleta uliobaki nyuma mbele. Mkiweza kumpa meneja sababu kwa lugha yake, atawapa muda. Nami sijawahi kukuta sababu nzuri ikikosa lugha nyepesi.

Mnunuzi mpya alituma picha ya maboksi yetu yakiwa yamepangwa kwenye soko la mbali, lebo zimenyooka. Nyanzala aliikuza picha kwenye simu yangu, akaipitia yote, akasema moja imebandikwa upande. Bwana Magesa alisoma ujumbe ulioambatana na picha, akausoma tena, akatoka nao ofisini kwa haraka, amesahau kofia.

Siku si nyingi baadaye nilifika kazini nikakuta msongamano stoo. Akina mama ambao sikuwaona tangu zamu ya pili ifutwe walikuwa wamejipanga mpaka nje, wengine wameshavaa kofia nyeupe na bado wanasalimiana kwa kushikana mikono yote miwili. Mtunza stoo alikuwa amechanganyikiwa. Nikamuuliza kuna shida gani, nikijiandaa kusikia kompyuta.

"Mabuti, mama," akasema. "Wamerudi wengi, mabuti hayatoshi."